Taurati Haina Mwandishi: Jinsi Maktaba Zinavyoorodhesha Vitabu Vitakatifu vya Wayahudi

Msomaji anaingia maktaba na kuulizia Taurati. Mkutubi anaandika "Taurati" kwenye kompyuta, hapati kitu. Anajaribu "Torah", anapata kitabu kimoja chenye namba 222.1, kimebanwa katikati ya Biblia. Msomaji anashangaa: mbona kitabu cha Wayahudi kimewekwa kwa Wakristo? Wakisogea mbele mpaka 296 wanakuta Mishna, Talmudi na vitabu vya sala vya sinagogi, vimekaa peke yao mbali na hiyo Taurati. Hapo ndipo dhana zinapoanza. Mmoja atasema maktaba imeidharau dini ya watu, mwingine atasema Talmudi si kitabu kitakatifu ndiyo maana imetengwa, na wa tatu atadai kwamba namba 296 ndiyo "Biblia ya Wayahudi".

Wote watatu wamekosea, na kosa lao ni moja. Wanadhani maktaba ikikiita kitabu "kitakatifu", au ikikipeleka rafu fulani, inatoa hukumu ya kidini. Katika kazi ya ukutubi neno hilo ni la kiufundi tu. Linajibu swali kavu kabisa: kwenye nafasi ya mwandishi, tuandike nini?

Kwanza tutenganishe kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Uorodheshaji ni kukiandikia kitabu maelezo yake katika katalogi: jina, mwandishi, mchapishaji, mwaka, lugha. Uainishaji ni kukipa namba itakayokionyesha mahali pa kusimama rafuni. Ya kwanza ni kama cheti cha kuzaliwa, ya pili ni kama namba ya nyumba. Mtu anaweza kuhama nyumba bila kubadili cheti, na vivyo hivyo maktaba mbili zinaweza kukiorodhesha kitabu sawasawa halafu kila moja ikakipeleka rafu yake.

Neno la tatu la kulijua ni jina sanifu. Hili ni jina moja ambalo wakutubi wamekubaliana kulitumia kwa andiko moja, hata kama kwenye jalada limeandikwa kwa namna ishirini. Kurani ni mfano wa karibu. Tafsiri ya Kiswahili ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyotoka mwaka 1969, haiorodheshwi kana kwamba Sheikh ndiye mwandishi. Kichwa kikuu cha maelezo yake ni jina la Kurani likifuatiwa na lugha, naye Sheikh anaandikwa kama mfasiri. Nakala ya Kiarabu, tafsiri ya Kiswahili na ya Kifaransa zote hukusanyika chini ya jina hilo moja, na msomaji anaziona kwa pamoja.

Kanuni inayofanya hivyo ndiyo hasa "uandishi mtakatifu" wa wakutubi. Andiko ambalo kundi la dini linalikubali kuwa msahafu wake huingizwa chini ya jina lake lenyewe, si chini ya jina la mtu. Mkutubi haulizwi kama Musa aliandika Mwanzo au hakuandika. Haulizwi hata kama yeye mwenyewe anaamini. Anaulizwa tu: je, kuna kundi linalolipokea andiko hili kama msahafu? Likiwapo, nafasi ya mwandishi inabaki tupu na jina sanifu linakaa mbele. Katika mfumo wa MARC, ambao kompyuta nyingi za maktaba zinautumia, mwandishi anaingia uga 100 (uga ni kisanduku chenye namba cha kuandikia taarifa moja), na jina sanifu linalosimama bila mwandishi linaingia uga 130. Kwa hiyo Taurati haina uga 100.

Sasa tuangalie majina yenyewe, maana hapa ndipo Waswahili tunapoteleza zaidi. Kwa Wayahudi, Taurati kwa maana finyu ni vitabu vitano vya kwanza: Mwanzo, Kutoka, Mambo ya Walawi, Hesabu na Kumbukumbu la Torati. Mkusanyiko mzima unaitwa Tanakh, neno lililofupishwa kutokana na sehemu zake tatu: Torah, Neviim (Manabii) na Ketuvim (Maandiko). Kwetu mtu akisema Taurati anaweza kumaanisha vile vitano, au Agano la Kale lote, au kile kitabu alichoteremshiwa Nabii Musa kama kinavyotajwa katika Kurani. Mkutubi mzuri huuliza swali moja la ziada kabla ya kuinuka kwenye kiti.

Tanakh na Agano la Kale la Waprotestanti zina maandiko yaleyale ila hesabu na mpangilio vinatofautiana. Biblia ya Kiprotestanti ina vitabu 39, Tanakh ina 24. Hakuna kilichoibwa wala kufutwa. Samweli wa kwanza na wa pili huhesabiwa kitabu kimoja, Wafalme hivyohivyo, Mambo ya Nyakati hivyohivyo, Ezra na Nehemia ni kimoja, na wale manabii wadogo kumi na wawili wote ni kimoja. Toa 1 mara nne, kisha toa 11, utabaki na 24. Mpangilio nao: Agano la Kale la Wakristo linaishia kwa Malaki, Tanakh inaishia kwa Mambo ya Nyakati.

Kwa kuwa maandiko ni yaleyale, kanuni zilizoandikwa Marekani na Uingereza ziliyapa yote jina sanifu moja, "Bible", na chini yake sehemu ya "Old Testament". Taurati ya vitabu vitano ni "Bible. Pentateuch", kisha lugha, kwa mfano "Bible. Pentateuch. Hebrew". Kanuni mpya za RDA, ambazo Maktaba ya Bunge la Marekani ilianza kuzitumia rasmi mwaka 2013, zilifuta vifupisho vya zamani. Kilichokuwa "Bible. O.T. Genesis" kikawa "Bible. Genesis", kikaruka ngazi ya agano moja kwa moja. Jina "Old Testament", hata hivyo, limebaki kwa mkusanyiko mzima. Hapa malalamiko ya wakutubi wa Kiyahudi yana msingi, kwa maoni yangu. Kuliita andiko la watu "la Kale" ni kulitazama kutoka upande wa wenye "Jipya". Baadhi ya maktaba za Kiyahudi hubadilisha jina hilo kwenye katalogi zao zikaandika Tanakh. Maktaba ya kawaida haina haja ya kufika huko, ila inatakiwa kuweka elekezo: mtu akiandika Tanakh, Torah au Taurati, kompyuta impeleke penye jina sanifu. Elekezo kama hilo huchukua dakika mbili kuliandika. Lisipokuwapo, kitabu kipo rafuni na msomaji anaondoka mikono mitupu.

Namba ya rafu ina hadithi yake. Mpangilio wa Dewey, ule unaovipa vitabu namba kama hizo 222.1 na 296, ulitoka mwaka 1876, na darasa lote la 200 la dini liliugawia Ukristo sehemu kubwa mno: kuanzia 220 mpaka 289 ni Biblia na mambo ya Kikristo, halafu dini nyingine zote za dunia zikasukumwa kwenye 290. Uyahudi ulipata 296, Uislamu 297. Biblia ikakaa 220, Agano la Kale 221, na vile vitabu vitano 222.1. Matoleo ya karibuni yameongeza neno Tanakh kwenye maelezo ya 221, lakini namba haikuhama. Kwa hiyo Taurati iliyochapwa na sinagogi na kitabu cha Mwanzo kilichochapwa na chama cha Biblia vinasimama bega kwa bega, si kwa sababu mkutubi amewachanganya watu wa dini mbili, bali kwa sababu namba inafuata andiko, haifuati aliyelichapa.

Dewey yenyewe inatoa mlango wa pembeni. Maktaba inayotaka kuweka Tanakh pamoja na maandiko mengine ya Kiyahudi inaruhusiwa kutumia 296.11 badala ya 221. Ni ruhusa, si sharti. Kosa linalotokea ni kuitumia nusunusu: nakala za zamani zinabaki 221, mpya zinakwenda 296.11, na baada ya miaka michache hakuna anayejua kwa nini. Chagua moja, iandike kwenye daftari la maamuzi ya maktaba, na mrithi wako aikute. Mfumo wa UDC, nao wa namba za rafu, ulichukua njia nyingine. Mwaka 2000 ulibomoa darasa lake lote la dini na kulijenga upya, Uyahudi ukapata 26, Ukristo 27, Uislamu 28, kila dini na nyumba yake. Huko Jerusalem, Gershom Scholem, ambaye dunia inamjua zaidi kwa utafiti wake wa Kabala, elimu ya siri ya Kiyahudi, alikuwa mkutubi miaka ya 1920 na aliipanua Dewey ili iweze kubeba vitabu vya Kiyahudi bila kuvisonga kwenye tarakimu moja.

Vyuo vikuu vinavyotumia namba za Maktaba ya Bunge la Marekani hukutana na mgawanyiko uleule kwa herufi. Biblia nzima, pamoja na Tanakh, iko BS. Uyahudi uko BM. Mishna iko BM497, Talmudi ya Yerusalemu BM498, Talmudi ya Babeli kuanzia BM499.

Hapo tumefika kwenye Talmudi, na uvumi mzito kuliko wote: kwamba ndiyo Biblia ya Wayahudi. Siyo. Msahafu wa Wayahudi ni Tanakh. Mishna ni mkusanyo wa sheria zilizokuwa zikipokezanwa kwa mdomo, uliopangwa kama mwaka 200 na Yuda ha-Nasi, ukiwa na sehemu kuu sita na risala 63. Talmudi ni Mishna pamoja na mjadala mrefu wa wanazuoni juu yake, na ziko mbili: ya Yerusalemu, na ya Babeli iliyo kubwa zaidi. Msomaji Mwislamu ataona kitu kinachofanana na uhusiano wa Kurani, hadithi na fikihi. Ulinganisho huo unasaidia kwa hatua ya kwanza tu. Talmudi haikupangwa kwa kupima milolongo ya wapokezi, na huacha ubishi mwingi bila kutoa jibu la mwisho.

Je, kwa mkutubi Talmudi ni takatifu? Kwa maana ya kanuni, ndiyo, inaingia kundi lilelile la maandiko yanayoorodheshwa kwa jina sanifu bila mwandishi. Yuda ha-Nasi haandikwi uga 100 hata kama kila kamusi inamtaja. Jina "Talmud" peke yake linamaanisha ya Babeli, na nyingine ni "Talmud Yerushalmi". Risala moja ikichapwa peke yake, jina lake huongezwa baada ya hilo, kwa mfano "Talmud. Berakhot". Usishtuke ukiona karibu kila risala ya Talmudi ya Babeli inaanzia ukurasa wa 2. Hakuna karatasi iliyochanika. Ukurasa wa jina unahesabiwa kuwa wa 1, na karatasi zinahesabiwa kwa pande mbili, 2a na 2b. Wakutubi wapya wameshawahi kuandika "kurasa za mwanzo hazipo" kwenye vitabu vizima kabisa.

Mfano unaofundisha kuliko yote ni kijitabu kidogo kinachoitwa Pirkei Avot, mkusanyo wa semi za wanazuoni. Kwenye majalada utakikuta kama Pirke Avot, Pirqe Aboth, Mafundisho ya Mababa, na kwa Kiingereza kina majina mengine matatu au manne. Kila mchapishaji ana lake. Ukikiorodhesha kwa jina la jaladani, nakala tano zitatawanyika pande tano za katalogi. Lakini kijitabu hiki ni risala ya Mishna, kwa hiyo jina lake sanifu ni "Mishnah. Avot" na mahali pake katika Dewey ni 296.12347, ndani ya 296.123 ya Mishna. Atakayetafuta chini ya Mishna atazipata zote.

Baada ya Talmudi mstari unakatika, na hapa mkutubi anapaswa kufungua macho. Si kila kitabu chenye heshima kubwa ni cha kundi hili. Mishneh Torah ina neno Torah kwenye jina, imekaa kwenye kila rafu ya yeshiva (chuo cha dini cha Kiyahudi), lakini iliandikwa na mtu mmoja anayejulikana, Maimonides, aliyefariki mwaka 1204. Inaingia chini ya jina lake, uga 100, na Dewey inaipeleka 296.18 kwenye sheria. Shulhan Arukh, kitabu kingine cha sheria, vivyo hivyo ni ya Joseph Caro. Zohar nayo, kitabu kikuu cha Kabala, inadaiwa na jadi kuwa ya Shimon bar Yochai wa karne ya pili, huku watafiti wengi wakiielekeza kwa Moses de León wa Hispania ya karne ya 13. Mkutubi haingii kwenye ugomvi huo. Anaandika "Zohar" kwenye uga 130 na kuendelea na kazi.

Tafsiri na vitabu vya maelezo vina mtego wake. Tuseme una Taurati yenye maelezo ya Rashi, mwanazuoni wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1105, kandokando ya kila ukurasa. Ni Taurati au ni kitabu cha Rashi? Angalia ukurasa wa jina, si jalada. Ukurasa huo ukisema "Taurati pamoja na maelezo ya Rashi", andiko ndilo kuu na Rashi anaongezwa pembeni. Ukisema "Maelezo ya Rashi juu ya Taurati", Rashi ndiye mwandishi. Namba ya rafu itabaki karibu vyovyote vile, 222.1 au 222.107. Midrashi (ufafanuzi wa kale wa wanazuoni) kama Mwanzo Rabba, ingawa nayo inafafanua Mwanzo aya kwa aya, haiendi huko. Ni andiko la jadi lenye rafu yake, 296.14.

Vitabu vya sala vinaonyesha uzuri wa kanuni hizi, nikiri. Misale ya Kikatoliki huorodheshwa chini ya jina la Kanisa Katoliki, kwa sababu kuna chombo kinachoitoa na kuiidhinisha. Uyahudi hauna Vatikani. Kwa hiyo kitabu cha sala cha kila siku kinaingia kwa jina lake tu, "Siddur", na kile cha chakula cha Pasaka kwa jina "Haggadah". Jamii ya Abayudaya kule Mbale, Uganda, iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, ikichapa kitabu cha sala kwa Kiganda, mkutubi hatahitaji kubuni chochote. Ataandika Siddur, ataongeza lugha, kwisha.

Angalia pia vitabu vinavyofanana na hivi kwa jalada tu. Biblia yenye neno "Kiyahudi" kwa maandishi makubwa, lakini ndani ina Mathayo na Paulo, ni Biblia nzima ya 220, si Tanakh ya 221. Kwenye magombo ya Bahari ya Chumvi, gombo la Isaya linakwenda na Isaya, 224.1, ilhali kanuni za jamii ya Qumran, palipopatikana magombo hayo, ziko 296.155. Vitabu vya Wamakabayo viliandikwa na Wayahudi lakini havimo katika Tanakh, na Dewey inaviweka 229. Na kitabu *kuhusu* Talmudi si Talmudi. Mwandishi wake anaingia uga 100 kama kawaida, na neno Talmud linaingia uga 630, wa mada. Kosa la kuandika 130 badala ya 630 ni la tarakimu moja tu, lakini linamfuta mwandishi aliyehangaika miaka kumi.

Yamebaki mambo ya mikono. Kitabu cha Kiebrania kinafunguliwa kutoka kulia, kama msahafu. Ukurasa wa jina uko mahali ambapo mzoevu wa vitabu vya Kiingereza anapaita nyuma, na mihuri mingi ya maktaba imegongwa upande usio wake. Neno "ha-" mwanzoni mwa jina ni kama "al-" ya Kiarabu, halihesabiwi katika kupanga. Kwa "ha-Sidur" kiashirio cha pili cha uga 245, ule wa jina la kitabu, kinawekwa 3, ili kompyuta iruke herufi mbili na kistari. Na hapo umeona Sidur ina d moja. Kanuni za kuandika Kiebrania kwa herufi za Kilatini hazirudufishi konsonanti, huku jina sanifu likiwa na mbili. Weka zote mbili ndani ya rekodi, pamoja na jina kwa herufi za Kiebrania katika uga 880.

Mwaka wa kuchapwa mara nyingi umeandikwa kwa herufi, na anayejua abjadi atajisikia nyumbani. Tav ni 400, shin 300, het 8: jumla 708. Elfu tano zimeachwa, mwaka kamili ni 5708. Kupata mwaka wa kawaida, ongeza 1240 juu ya ile hesabu fupi, upate 1948. Kwa kuwa mwaka wa Kiyahudi unaanza Septemba au Oktoba, sehemu yake iko 1947, kwa hiyo andika "708 [1947 au 1948]". Ukiingiza 5708 kwenye nafasi ya mwaka, kila msomaji atakayepanga matokeo kuanzia kipya zaidi atakikuta kitabu hicho juu kabisa, mbele ya vyote vilivyotoka mwaka huu.

Na siku ya kuondoa vitabu vilivyochakaa, vile vyenye jina la Mungu kwa Kiebrania visitupwe jalalani wala kuchomwa. Desturi ya Wayahudi ni kuviweka kando, katika chumba kinachoitwa geniza, kisha kuvizika. Sinagogi la Ben Ezra huko Cairo liliweka hivyo kwa karne nyingi, na mwaka 1897 Solomon Schechter alipelekea Cambridge shehena ya vipande ambavyo leo vinahesabiwa zaidi ya 190,000. Wakutubi bado wanaviorodhesha.